Bega Ambalo Sikuligusa

Mdogo wangu mpendwa, Salimu,

Jana Bi Mishi, mwenyekiti wa chama chetu, alikuja hapa Junda kuniarifu kwamba tamasha la wasanii wenye ulemavu litafanyika tena Likoni, na kuniomba nikae jukwaani kama zamani. Nilimjibu sitaweza. Hakuniuliza sababu. Anayestahili kuijua ni wewe.

Wakumbuka kikao cha kwanza cha kupanga tamasha, uani kwetu? Viziwi walitueleza kwamba kwao makofi hayana maana. Wao hushangilia kwa kuinua mikono na kuitikisa hewani. Tukapatana ukumbi mzima ushangilie hivyo, tuwe kitu kimoja. Wewe ukacheka: "Na sie tusioona je? Ama yetu makofi yatapigwa begani?" Mzaha wako ukawa kanuni. Kwa kuwa kiti changu cha magurudumu huwekwa pale pale jukwaani, kazi nilipewa mimi: mikono ikiinuka, nimguse begani msanii asiyeona.

Siku ya tamasha ulipiga udi ukaimba habari za mama yetu. Mkalimani alipokuwa akiyageuza maneno kuwa ishara, niliona watu wazima wakijifuta machozi. Ulipomaliza, mikono yote ikainuka. Wewe ukangoja, umeinamisha kichwa. Ukangoja sana. Kisha ukapapasa fimbo yako ukashuka, na wimbo wa pili hukuuimba.

Kwenye feri, tukirudi nyumbani, nikakwambia, "Wallahi walikushangilia!"

"Kaka, mie si mtoto wa kubembelezwa. Mbona basi hukunigusa?"

Nikasema nilikuwa nimeitwa nje. Ulijua ni uongo. Ulikuwa umenisikia nikikohoa kando yako. Tangu hapo hukuniamini tena, na udi hukuushika hadi tulipokuzika.

Ukweli ni huu, Salimu. Sikutoka, wala sikuudharau wimbo wako. Nilikuwa nalia, na mikono yangu yote miwili ilikuwa juu, naitikisa pamoja na wenzangu. Niliona haya, mwalimu mzima niliyestaafu, kukiri kwamba nilijisahau. Ningekwambia hivyo tu, ungenicheka safari nzima, na mwaka uliofuata ungerudi jukwaani.

Bi Mishi atamtafuta mtu mwingine. Mimi nitakaa nyuma, karibu na mlango, na sijui mikono yangu nitaiweka wapi.

Mola akurehemu. Nisamehe.

Kakako mkubwa