Milango Inayotazamana

Jumatatu, 14 Julai 1975 — Iringa

Baridi! Nimevaa soksi juu ya soksi na bado vidole vimekufa ganzi. Wanafunzi wamelala chini kwenye ukumbi wa misheni, mimi nimepewa kitanda kinacholia nikigeuka. Jioni nimewapa mhadhara: nani anapanga bei ya chai yetu, nani anaandika mikataba, na kwa lugha ya nani. Nimewaambia mkulima asiyeulizwa kwa lugha yake hajaulizwa. Yote hayo nimeyasema kwa Kiingereza, maana chuo kinataka hivyo. Magesa, ambaye Kiingereza chake kinatiririka kuliko changu, akataka kujua kama jambo hili litatoka kwenye mtihani. Basi wenzake nao wakafungua madaftari. Sijui ninafundisha nini.

Jumatano, 16 Julai — Chimala

Lori limeharibika. Wali wa hapa mtamu, wanafunzi wameshiba na kusinzia kivulini. Mimi sina hamu ya kitu.

Ijumaa, 18 Julai — Rungwe

Tumefika. Ukungu, migomba, manyunyu yasiyokatika. Kijiji kitahamishiwa bondeni, na wafadhili wa maji wamemleta mtaalamu kutoka nje. Sisi tumsaidie kuwasikiliza wananchi. Ramani yake safi kabisa — mistari miwili ya nyumba, milango inatazamana, bomba moja katikati. Baba upande huu, wanawe waliooa upande ule. Maji mlangoni! Hata mimi niliona sawa.

Mwenyekiti wa kijiji ni Mzee Asukile, mpole, akicheka mabega ndiyo yanacheka. Kumbe ni baba mkwe wa Sekela, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu! Ndiyo maana lori liliposimama aliruka upande wa pili na kupotelea migombani. Nilidhani tumbo linamsumbua.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada Sekela amenieleza. Huku mke wa mtu hakutani na baba wa mumewe. Akimwona njiani anaingia vichakani. Hazungumzi mbele yake, hata jina lake halitamki. Tangu aolewe, Mzee Asukile hajamsikia akisema neno.

Wanawake wamemwita jikoni wakamwambia wazi: ramani hiyo inawafunga. Mlango unamtazama mkwe, bomba liko mbele ya mkwe. Watatokaje? Watachotaje maji? Mmoja amesema atachukua wanawe arudi kwao. Jumanne kuna mkutano, kisha mtaalamu anaondoka na uamuzi, na ujenzi unaanza.

Jioni nimemfuata Mzee Asukile mwenyewe. Anasema maelezo ya ramani ni ya Kiingereza kitupu. Yeye aliambiwa bomba linakuja, akakubali. Sasa Katibu Kata wa chama ameshamwonya kwamba mwenyekiti anayerudi nyuma ni adui wa maendeleo. Wanawake wakisema wenyewe hatawazuia. Kuanza yeye, hawezi. Na vijana hawatasema kabla ya baba zao.

Kwa hiyo waseme wale wasioruhusiwa kusema. Mungu wangu.

Jumatatu, 21 Julai

Mtaalamu amenisikiliza kwa adabu. Hapokei maneno ya kupokezana, anasema. Mwenye pingamizi alitoe mwenyewe mkutanoni. Katibu Kata akanikumbusha kwamba mimi sina shamba hapa.

Hapo nikafanya ujinga. Nikamwita Sekela, nikamwambia asimame yeye. Nikasema msomi hafungwi na mila. Nikamkumbusha na mhadhara wangu!

"Mwalimu," akasema, "wewe utapanda lori. Mimi hapa ndiyo nyumbani."

Akisikika mbele ya mkwe ni tusi. Mumewe atatozwa ng'ombe, na yeye hatapikiwa wala hatapika tena katika nyumba ile. Nimeona aibu mpaka chakula kimenishinda.

Jumanne, 22 Julai — mkutanoni

Naandika hapahapa, gotini. Wanadhani nachukua kumbukumbu.

Uwanja wa shule. Wazee mbele, vijana nyuma yao. Wake zao, na Sekela kati yao, wako nyuma ya ua wa mianzi, hawaonekani. Mtaalamu ameeleza, Magesa ametafsiri, vizuri kweli. Aliye na pingamizi? Kimya. Magesa amemgeukia mtaalamu: wote wamekubali. Hakudanganya, masikini. Ametafsiri kimya. Ndivyo nilivyomfundisha?

Mtaalamu anakunja ramani. Basi. Yamekwisha.

Sauti!

Nyuma ya ua. Ya mwanamke — inatetemeka, halafu haitetemeki. Kiingereza! Kiingereza kilekile cha chuo nilichokisema vibaya wiki nzima. Milango, bomba, wanawake kukaa ndani mchana kutwa. Mtaalamu ameikunjua ramani. Anaandika. Tangu tufike hajawahi kuandika neno la mtu wa hapa, sasa anaandika.

Wazee hawaelewi kitu. Hata wanawake walio kando yake hawaelewi kitu, na maneno ni yao. Nataka kulia, na si kwa furaha.

Amenyamaza. Magesa hatafsiri, ananiangalia mimi. Katibu Kata amesimama, anautazama ua.

Mzee Asukile amegeuka kitini. Hakutazama uani. Amenigeukia mimi.

"Mwalimu, huyo ni nani? Na amesema nini?"