Namba Nne Wawili

Mume wangu Festo,

Natangaza rasmi kwa ukoo mzima kwamba jogoo wetu wa hapa Lizaboni ameacha kuwika alfajiri, sasa anawika mchana. Babu yako hajambo. Shikamoo yako nimeipata, marahaba.

Unauliza utafanyaje Jumamosi, mara yako ya kwanza kuandika pointi na faulo mezani kwenye mechi ya kikapu, ili timu zisigombane. Umeniambukiza wasiwasi, hata mimi silali. Nilikaa kwenye meza kama hiyo nikiwa msichana, kule Ruhuwiko, na mechi iliyotangulia ilikwisha kwa kurushiana viti, kisa mtu kuandikiwa faulo ya mwenzake.

Kwa hiyo mwamuzi wetu hakuiamini orodha ya kocha. Wachezaji wakiwa bado wanapasha misuli, akanivuta uwanjani: "Dada, soma migongo, siyo karatasi."

Nikasoma. Wageni walikuwa na namba nne wawili.

"Mwamuzi, hao mapacha," kocha wao akajitetea. "Hata sahani wanakula moja."

"Na faulo watagawana?"

Jezi nyingine haikuwepo. Mwamuzi akabandika kipande cha plasta, kikasimama kama moja, mbele ya nne ya mmoja wao, akawa kumi na nne. Nikaandika upya, na kocha akatia sahihi. Nikaona kwamba ugomvi ukizimwa kabla ya filimbi, hakuna anayejua kuwa ulikuwepo, wala anayekushukuru.

Kisha mvua ikanyesha, na mechi haikuchezwa.

Bibi yako