Kondoo Aliyekuja Kama Jivu

Jumatatu, 3 Februari

Wewe Karimi, umepotelea wapi? Tangu Krismasi hujaandika hata neno katika daftari lako hili. Ulisema ni kahawa. Kahawa ilishavunwa. Ulisema ni goti. Goti haliandiki, mkono ndio huandika. Aibu. Marehemu binti yako Kathure alikuchorea herufi kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni, yeye mtoto mdogo wa shule, wewe mama mzima ambaye hujawahi kuketi darasani. Hakuchoka vile ili uje unyamaze.

Haya. Habari ni hizi.

Nimekata matawi ya kahawa mpaka saa sita. Jua kali. Ng'ombe ametoa maziwa kidogo, nimemwambia aone haya.

Nasubiri picha ya kondoo kutoka Embu. Kendi, mtoto wa Kathure, nimemlea mimi, cucu yake, tangu mama yake azikwe. Siku hizi anauza dawa Embu mjini. Amepata mume huko, Ndwiga. Kijana mzuri, anakula akashiba. Mahari imeanza. Kwetu haisogei bila mwati: kondoo jike ambaye hajazaa, asiye na kasoro. Analetwa, na mama aliyemlea binti anaweka mkono mgongoni mwake, anasema amemwona. Basi. Ukinyamaza, umekataa. Desemba Njue, baba wa Ndwiga, alileta mmoja kwa pikapu kutoka kule mpaka hapa Githongo, Meru. Sikio limechanika. Nikanyamaza. Wakarudi naye. Sijuti.

Sasa Njue amesema haleti mwingine kabla sijamwona kwenye simu. Ana akili. Simu ninayo, Kendi alininunulia, ile ya kugusa kioo. Alinionya kwamba data hula pesa ya simu hata nikiwa nimelala. Nimeifunga. Kitu kinachokula watu wakiwa wamelala ni mwizi.


Jumatano, 5 Februari

Meseji mbili kutoka kwa Njue. Ya kwanza ni maneno: ati Mama Kathure, mtazame huyu. Ya pili si kitu. Mraba wa rangi ya jivu, na mshale mdogo katikati. Nimebonyeza. Kitu kimezunguka, kikasimama. Nimebonyeza tena. Jivu.

Nimepangusa kioo kwa leso. Jivu.

Nimempigia jirani yangu Mama Mwenda ili nijaribu simu. Ameshika, tumeongea vizuri. Basi simu ni nzima na pesa imo. Mwenye makosa ni Njue. Anasema nini huyo mzee? Kwamba nikitaka mwati mwingine nikamchimbe mekoni?

Sijamjibu. Nimekasirika mpaka githeri, mahindi na maharagwe yote, ikashika sufuria.


Alhamisi, 6 Februari

Mama Mwenda amekuja kuliona jivu. Ameligeuza juu chini. Amesema watu wa Embu wamezoea mbuzi, labda huyu mzee hajui kondoo anafananaje, akaona atume chochote. Nimecheka. Sikutaka kucheka.

Njue amepiga jioni. Sikushika. Ajue.


Ijumaa, 7 Februari

Kendi amepiga. Hakunisalimu. Kendi, ambaye husalimu hata kuku.

Amesema Njue amengoja jibu, amepiga, hakushikiwa. Mwanamke akionyeshwa mwati mara ya pili akanyamaza, hiyo si kasoro ya kondoo tena. Ni ukoo umekataliwa. Njue atamuuza huyo kondoo wiki ijayo na kumwambia mwanawe atafute kwingine. Lakini Ndwiga hatafuti kwingine, na Kendi naye hatangoja. Wataandikishwa ofisini, wao wawili na mashahidi. Bila mwati. Bila mimi.

Nikamwambia nilitumiwa jivu.

"Cucu, nimechoka kupimwa kwa masikio ya kondoo," akasema. Akakata simu.

Nimeogopa. Naandika hivyo hivyo. Mama yake nilimzika. Huyu sitaki kumpoteza akiwa hai.


Jumapili, 9 Februari

Baada ya ibada nimempa mke wa mchungaji simu. Kanisa limewekewa waifai, vijana wote wanakaa karibu na ukuta wa ofisi kama mbuzi kwenye chumvi. Ameiunganisha simu yangu. Picha za harusi ya juzi zimefunguka palepale, mpaka meno ya bwana harusi nimeyaona. Ya Njue imezunguka, imesimama.

Amejaribu tena na tena. Amesema labda simu ni mbovu. Kisha akasema kwamba hakuna mtu anayetuma mraba wa jivu. Jivu ni la simu yangu. Picha yenyewe iko, ila haijaingia.

Kwa hiyo Njue alituma kondoo. Kondoo wa kweli. Nami nikamnunia.

Sikubaki kwa chai.


Jumatatu, 10 Februari

Asubuhi nimeshuka sokoni, kwa yule binti wa duka la simu, mwenye kucha kama za mwewe. Nimemwambia anieleze polepole na asinicheke. Alicheka kwanza, kisha akaeleza.

Ni hivi. Maneno ya meseji ni mepesi. Yanapita njia ileile ya kupigia simu, ndiyo maana yalinifikia. Picha ni nzito, haipiti pale. Kampuni ya laini huiweka ghalani kwao, halafu inakutumia taarifa tu kwamba una mzigo. Lile jivu ndilo taarifa. Kuuchukua mzigo ni kazi ya simu yako, na barabara ya kwenda ghalani ni data. Mimi barabara niliifunga kwa mkono wangu.

Nikamuuliza, na ya kanisa je? Akasema waifai ni barabara ya mtu mwingine. Zile picha za harusi zinapita barabara yoyote, lakini Njue alituma kwa njia ya meseji ya kawaida, na ghala la meseji humfungulia mwenye laini, akija kwa data ya laini hiyo. Hilo nimelielewa haraka. Hata kiwandani kwa kahawa huwezi kuuliza mbegu zako kwa namba ya jirani.

Nimenunua bando. Amefungua data. Nimebonyeza mwenyewe. Kile kitu kimezunguka. Yakatoka maneno ya Kizungu. Binti akanitafsiria: muda umepita. Kampuni haimwekei mtu mzigo milele. Picha imetupwa.

Nimempigia Njue. Hashiki. Kendi amezima. Wananinywesha dawa yangu mwenyewe, na ni chungu.

Nimekaa kwenye ngazi za duka mpaka yule binti akaniletea maji. Jina lake ni Makena. Kucha zake si mbaya.


Jumanne, 11 Februari

Nimekwenda Embu.

Mama wa binti haendi kwa wakwe kumtazama mwati. Mwati ndiye huja. Mama yangu angefufuka anipige. Nimejaza kiondo nduma na ndizi, nikapanda gari la kwanza.

Njue alikuwa shambani akichuma muguka, majani yale ya kutafuna. Aliniona langoni, akaendelea kuchuma. Nisingemlaumu. Mkewe alinipa kiti na chai, akaniuliza habari za safari kwa sauti ya mtu anayeongea na karani. Mwati alikuwa amefungwa kwenye ua, na mwanamume mmoja alikuwa ameshamshika mbavu akipima mafuta. Mnunuzi.

Sikumaliza chai. Nilikwenda mpaka kwenye mistari ya muguka, nikamwambia Njue yote nikiwa nimesimama. Jivu. Hasira. Data niliyoifunga. Ghala, barabara, mzigo uliotupwa. Simu yake niliyoikataa kwa makusudi. Mwisho nikasema kwamba kondoo wake sijamwona mpaka dakika hii, na kwamba mjinga ni mimi, si ukoo wake.

Aliacha kuchuma. Aliniuliza kama kweli nilidhani mzee mzima kama yeye anaweza kukaa chini, apige picha ya meko, aitume Meru. Nikasema nilidhani. Alicheka mpaka akashika mti. Mkewe akatoka kuona kuna nini, akaelezwa, naye akaanza. Niliwaacha wacheke. Walikuwa na haki.

Kisha nikaenda kwa mwati. Mweupe, macho safi, masikio mazima. Nikapapasa miguu. Goti la mbele lina kovu. La zamani, manyoya hayakurudi. Hiyo ni kasoro. Hakuna jina lingine. Desemba ningenyamaza.

Njue alikuwa nyuma yangu. Alijua liko pale. Hata picha ingefunguka, nadhani lisingeonekana.

Niliweka mkono mgongoni mwa mwati. Ana joto.

"Nimemwona," nikasema.

Njue akavua kofia. Mnunuzi akaondoka akinung'unika kuhusu wanawake wa Meru.

Kendi alikuja kutoka kazini na koti lake jeupe la dukani. Walimpigia wao. Alisimama langoni akanitazama. Nilitaka kusema mengi. Akasema nimetoka nyumbani na sweta nyepesi ya aibu, Embu jioni kuna baridi. Akanivika yake. Ikanibana mikono. Sikuivua.


Jumamosi, 15 Februari

Wamemleta. Mwati ameshuka kwenye pikapu kwa miguu yake, wanawake wakaimba. Nimeweka mkono tena, mbele ya watu. Nimesema tena.

Mama Mwenda amemzunguka mwati kama askari. Akainama kwenye goti. Nikampa kikombe cha uji, nikamwambia anywe kabla haujapoa. Amenitazama. Nami nikamtazama. Fahali wa mahari ya binti yake alikuwa na jicho moja, na mimi sijawahi kusema. Amekunywa uji.

Harusi ni baada ya mvua. Watafungia hapa kanisani. Kendi amesema nitamsindikiza mimi, kwa kuwa mama hayupo na baba hajulikani. Nimemwambia atembee polepole. Amesema hajawahi kuniona nikitembea polepole maishani.

Jioni wamerudi Embu. Vyombo vimeoshwa. Mwati anatafuna chini ya migomba. Kimya.

Sina uchungu leo. Nimechoka tu.

Wewe Karimi, usipotee tena hivyo. Na siku utakayofungua ukurasa huu, usianze kwa kalamu. Mpigie Kendi kwanza. Msikilize mpaka amalize. Ndipo uandike.