Nestori Amejibu Ukweni

Kasulu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwanao ni mzima, ila mgongo unalalamikia baridi ya huku asubuhi. Miguu yako inaendeleaje? Sema ukweli, usinifiche kama ulivyonificha juzijuzi.

Leo nina furaha mpaka sikaliki, na nani wa kumwambia kama si wewe, uliyesema kazi yangu hii ya ushauri nasaha ni kulipwa mshahara kwa kusikiliza umbea.

Kuna kijana, nimwite Nestori. Jina si lake, na ameniruhusu nikusimulie. Wazazi wake ni Warundi, yeye kazaliwa kambini Mtabila, sasa ni raia na analima maharage Kagerankanda. Kampenda binti wa Kiha wa Rungwe Mpya. Lakini kila siku ya kupeleka mahari ikikaribia, moyo unamwenda mbio, usingizi hauji, na mwisho anatorokea Kibondo kwa rafiki yake. Aliogopa swali moja ambalo wakwe hawaachi kuuliza: "Kijana wenu ni mtu wa wapi?" Baba wa binti akatoa neno: akitoroka tena, posa imekufa.

Shangazi yake akamleta hospitali kwangu. Nami na elimu yangu nikamtoa shangazi nje, nikafunga mlango, nikamwambia kijana ajieleze.

"Niko sawa, dada."

Wiki iliyofuata, "Niko sawa, dada." Mama, nilitamani kumtikisa.

Kisha nikaalikwa kwenye mahari ya jirani. Muoaji kainama kimya, anasemewa na msemaji wa ukoo. Hapo nikajicheka. Nilikuwa namlazimisha mtoto wa watu kufanya jambo alilofundishwa tangu utotoni kuwa ni kukosa adabu. Alipokuja tena nikamwingiza shangazi ndani, nikamwomba amsemee.

"Huyu ni Mrundi," akaanza.

"Shangazi, Burundi sijafika hata siku moja."

"Basi ni Muha."

"Waha wananicheka ninavyoongea. Binamu zangu wa Burundi nao wananicheka. Na nilikozaliwa, kambi ilishafungwa."

Akalia, shangazi naye akalia. Mimi nikanyamaza, jambo ambalo najua hutaliamini.

Tukaendelea hivyohivyo: shangazi anamsemea, yeye anamsahihisha, mpaka maneno yake yakawa mengi kuliko ya shangazi. Nikajifanya mkwe mkorofi, nikimwiga baba mdogo, ili apate mazoezi.

Jumamosi tukaenda Rungwe Mpya. Swali likaja. Msemaji akataka kujibu, Nestori akapiga makofi taratibu kuomba ruhusa, akainuka.

"Baba, nimezaliwa Mtabila. Wazazi wangu Warundi, mimi Mtanzania. Nyumbani tunasali Kirundi, sokoni naongea Kiswahili, na Kiha binti yako ananifundisha. Vyote vyangu, sitoi hata kimoja."

Mzee akamtazama sana.

"Ego," akakubali. "Wajukuu zangu wakiuliza, watakuwa na baba wa kuwajibu."

Nilipiga vigelegele mpaka ushungi ukaniponyoka.

Nisalimie kaka Rajabu, fundi wetu wa baiskeli, na bibi mkaanga vitumbua. Baba mdogo msalimie pia, ila usimsomee habari ya mkwe.

Uliniuliza lini naomba uhamisho nirudi Tanga. Mama, leo asubuhi nimekuta vijana kadhaa kwenye benchi langu, kila mmoja na shangazi yake. Sijaomba.

Mwanao akupendaye,
Zuhura