Ubao Uliofunga Njia

La Rochelle, Johannesburg

Mjukuu wangu mpendwa Divine,

Pokea salamu za babu yako mdogo, ambaye kwa kweli bado ni kijana: kaka yangu mkubwa ndiye aliyemzaa baba yako, na mimi shahada yangu ndiyo kwanza nimeitundika ukutani. Shangazi yako Espérance hajambo; amefungua saluni mtaa wa Hillbrow, hapa hapa mjini.

Unauliza iwapo mtaa wetu huu ndio La Rochelle niliyoifikia kwa baiskeli. La hasha! Ile iko Ufaransa, nilikosoma muhula mmoja.

Siku tuliyoiendea, wanafunzi wenzangu walitaka kufuata barabara kuu. Mimi nilishikilia njia ndogo ya vijijini, kando ya mifereji, ambako miti mirefu ingetukinga na upepo wa bahari. Nilibishana hadi wakaniachia uongozi.

"Tukikosa treni ya jioni ya kurudi, utatubeba mgongoni, Profesa," alisema mmoja wao, Julien, kwa kunitania.

Katikati ya mashamba ya alizeti tukakuta ubao: njia imefungwa.

"Haya, Profesa, bishana na ubao!" Julien akanicheka.

"Ubao unasema na magari," nilijibu. "Sisi tuna mabega."

Tukabeba baiskeli, tukavuka mtaro uliochimbwa katikati ya njia, tukapanda tena na kuzidi kukanyaga pedali. Hakuna aliyebisha tena. Nilisikia cheni zao tu nyuma yangu, nikaona kwamba kuaminiwa ni kutamu hata kuliko kushinda hoja. Stesheni ya La Rochelle tulifika treni haijaingia, tukashangilia kama mabingwa.

Safari iliyofuata, Julien aliikunja ramani, akasogea pembeni.

"Tangulia," akasema.

Babu yako akupendaye,
Prosper