Marobota Yasiyoshika Fundo

Jumatatu, 16 Juni
Mudende tena, huku juu ya Gisenyi. Prese, mashine ya kufunga majani, imetema marobota asubuhi nzima, na kila moja lilisimama vizuri mpaka nilipoligeuzia mgongo. Kamba ya kulia inafunga. Ya kushoto inafika kwenye mdomo wa chuma unaopiga fundo, inazunguka, inateleza, basi. Robota linafunguka shambani kama suruali ya mlevi. Mashine hii ilichokea Ulaya, sisi wa koperative tukaipokea kwa makofi. Nimenoa kisu chake. Hakuna kilichobadilika. Naichukia.

Majani ni ya Mama Devota, mjane wa huku juu. Yamekatwa, yamekauka, yamelala chini. Mwaka jana yake yalilowa yakaoza, kiangazi akauza ng'ombe mmoja. Amebaki na mtamba mwenye mimba. Mvua ikinitangulia, huyo naye ataenda.

Jumanne, 17 Juni
Sasa na ya kulia imeanza. Ugonjwa wa kuambukiza, kwenye chuma. Nimekaza kidogo springi ya kishikio, kile kinachobana kamba wakati fundo linapigwa. Ndani yake kuna uji mweusi wa vumbi na makapi, unanuka kama soksi iliyosahauliwa kwenye bakuli la maziwa. Nilidhani panya amefia humo. Nilimtafuta kwa vidole. Hayupo. Sikula mchana.

Prezida wa koperative alikuja na viatu vinavyong'aa. Akasimama mbali na mashine kama mtu aliyekuja msibani kwa lazima. "Fundi, prese yako iko nazala batoto bila mukaba!" Watoto bila mkanda: akacheka peke yake. Kesho analeta mtaalamu kutoka Goma.

Jumatano, 18 Juni
Mtaalamu ni Papa Jeremi. Kavuka mpaka pale Petite Barrière na nyundo moja, ya kutosha kuangusha fahali. Hakuuliza kitu. Akasema bon kwa Kifaransa chake, akagonga. Akasema donc, akakaza springi mpaka ikaikata kamba yenyewe. Zamani ilikuwa inateleza tu. Sasa inateleza au inakatika, upendavyo. Maendeleo. Akala viazi vya Mama Devota, akapangusa mdomo kwa kitambaa changu cha grisi, akaondoka ameridhika.

Mawingu yamekaa chini upande wa volkano.

Alhamisi, 19 Juni
Nimelegeza springi ya Papa Jeremi. Kamba haikatiki tena. Inateleza. Ngurumo mchana, bila mvua. Mama Devota alisimama pembeni mwa shamba, mikono mgongoni, akihesabu mawingu. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 20 Juni
Stoo ya koperative inavuja, kwa hiyo mabunda ya kamba yanalala kwa Mama Devota. Leo niliyafuata mapema kuliko kawaida. Nikamkuta kizingitini, bunda mapajani, kibuyu cha samli pembeni. Anapaka. Taratibu, kwa upendo. Samli ya ng'ombe iliyokaa sana, ile ambayo harufu yake inakupokea barabarani. Ndiye panya wangu wa kwenye kishikio.

"Mama, unafanya nini?"

"Si unaona? Hii kamba iko mukavu sana, fundi. Ya ndama usipoipaka inamutoboa shingo. Mi nasaidia mashine yako isiumie. Mwanzo nilipaka bunda moja, nikaona haitoshe, nikapaka na ya pili."

Kila nyumba yenye ng'ombe hapa hulainisha kamba hivyo. Baba yangu alifanya hivyo kwetu Karagwe. Ndama anashukuru. Chuma hakishukuru: kinaishika kamba kwa sababu inakwaruza. Ikiteleza, inachomoka kabla fundo halijakaza. Nilimweleza. Akafunika kibuyu polepole.

"Siku zote hizo ulikuwa unagongesha chuma. Hukuigusa kamba?"

Nilikuwa nimeigusa. Nililaumu grisi ya mikono yangu.

Nilisugua kishikio kwa petroli mpaka kikang'aa. Nikashuka mjini Gisenyi kutafuta kamba mpya ya katani, kavu. Saa nane nikaanza. Fundo, fundo, fundo. Mama Devota na majirani wakabeba marobota kichwani mpaka bandani. Mvua ilitukuta kwenye kipande cha mwisho cha bondeni. Hicho kimelowa. Mengine yote yako ndani.

Prezida alipokuja kuuliza, nilisema ilikuwa springi, samli sikuitaja. Mama Devota alikuwa amesimama pale pale, akaangalia miguu yake. Prezida akasema mbele ya watu wote kwamba Papa Jeremi aliyeikaza ni mutu muzima, fundi wa kweli. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Jumapili, 22 Juni
Mvua tangu alfajiri. Baada ya misa nilipanda kwa Mama Devota. Nikaingia bandani, nikavuta kamba za marobota, moja moja. Hakuna iliyolegea. Akanikuta humo.

"Umekuja kuangalia majani ao ng'ombe?"

Majani, nikasema. Mtamba alikuwa amelala kando ya marobota, tumbo kubwa, anatafuna. Tulikaa pale mpaka mvua ikapungua.