Bibi Hatakuwa Bubu

Chumba cha ghorofani,
Nyuma ya duka la vioo,
Mtaa wa Posta ya Zamani.

Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mwanangu, kitindamimba wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mkeo na mjukuu wangu. Hamjambo? Baridi imepungua? Kikohozi cha mtoto kimeisha, au bado mnampa ile dawa ya rangi ya waridi anayoitema kwenye zulia? Na mkeo, miguu bado inamvimba? Mwambie aiinue juu ya mto akilala, na asikubali mtu amwambie kuvimba ni kudeka. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Goti la kushoto linalalamika kwenye ngazi za chuo, lakini katika nyumba hii goti halina kura.

Barua yako niliipata, na tiketi niliipata. Sikukujibu papo hapo kwa makusudi. Ningekujibu siku ile ile, ungejuta kwamba ulijifunza kusoma.

Kwanza nikueleze ninachosoma, maana naona shangazi yako amekueleza kwa mkato wake. Amekuambia nimefeli, eti wenzangu wanavaa joho mwaka huu na mimi nimeachwa nyuma. Si kweli. Niliingia katika mpango wa kuunganisha: shahada ya kwanza ya isimu, ambayo ni elimu ya namna lugha inavyofanya kazi, pamoja na ya uzamili ya kufundisha lugha, zote mbili kwa mkupuo mmoja. Mwaka huu wa nne namalizia masomo ya chini huku nimeshaanza ya juu, na nikivuka mwaka ujao natoka na vyeti viwili. Ndiyo sababu joho langu linasubiri. Waliochaguliwa kutoka darasa letu ni wachache, na mmoja wao ni huyu karani mstaafu aliyekuzaa. Vijana wananiita Mama Irabu, kwa kuwa napanda ngazi nikitamka a, e, i, o, u kwa sauti. Mwanzoni walinicheka. Siku hizi wakikosa kipindi wananitafuta niwaeleze.

Shangazi yako alikuja na methali yake, akaitua mezani kama mtu aliyeleta zawadi: mshika mawili moja humponyoka. Nikamuuliza, mimba yako wewe mwanangu na kazi ya kupiga chapa nilivishika kwa mikono ya nani? Baba yenu alipotutoka nilikushika wewe, nikashika dada yako, kodi ya nyumba, na mitihani ya shule nzima. Kipi kiliniponyoka? Akauliza kama chai ipo.

Sehemu ya masomo ya juu ni kufundisha kwa vitendo. Nimepewa darasa la wageni, watu wazima waliokuja kutafuta kazi mjini, katika chumba cha chini cha maktaba chenye feni inayopiga kelele na viti vya watoto. Yumo fundi anayechomelea mageti, yumo mama anayefua mashuka ya hospitali, yumo muoka mikate. Nawafundisha lugha hii hii ninayokuandikia.

Wiki za mwanzo niliboronga. Unanijua, ukarani wangu wote ulikuwa kuwinda makosa kwenye karatasi za walimu. Mwanafunzi akifungua kinywa tu, namrukia. Nikawasahihisha mpaka wote wakanyamaza, ikabaki feni peke yake inaongea. Msimamizi wangu, binti mdogo kuliko dada yako, alikaa nyuma, na tulipotoka akaniambia, "Mama, hawa maneno wanayo. Wanakuogopa tu." Iliniuma, tena sana. Kipindi kilichofuata nikauma ulimi, nikawaacha waseme wanavyoweza. Fundi mageti, ambaye tangu aje alikuwa hajanipa zaidi ya "ndiyo", akasimama na kusimulia siku mwanawe wa kwanza alipozaliwa. Maneno yalikuwa yamevunjika kila mahali, mikono ikimsaidia, na wenzake wakamwelewa mwanzo hadi mwisho. Muoka mikate alimpigia makofi. Mwanangu, nilitoka pale nikijua hii ndiyo kazi niliyoumbiwa, na kwamba nimechelewa kuianza.

Nikarudi nyumbani, nikaisoma tena barua yako.

Unasema nije Agosti, mtoto wa pili akikaribia, nikae nanyi mpaka aanze shule. Unasema cheti kimoja kinanitosha, kwani kwa umri huu nani ataniajiri. Hayo ningeyajibu kwa utani, yakaisha. Lakini pale chini, karibu na jina lako, umeandika kwamba nikija niongee na watoto lugha ya huko peke yake, wasije wakachanganyikiwa, kwa sababu mwalimu wa chekechea amewashauri hivyo. Hapo damu ilinichemka.

Lugha ya huko naisoma vizuri, kuiongea nababaisha. Sina wimbo wa kubembelezea katika lugha hiyo, sina utani, sina hata karipio. Mtoto akianguka nimwambie nini? Nikimbilie kamusi kwanza, damu ikimtoka gotini?

Na habari ya kuchanganyikiwa, hilo nimelisoma na kulifanyia mtihani. Mtoto akilelewa na lugha mbili atachanganya maneno kwa muda, kisha atajua mwenyewe ipi ni ya bibi na ipi ni ya shule. Wewe ulikua na mbili, yetu na ile ya bibi mzaa baba yako, na ulimdai peremende kwa lugha zote mbili bila kukosea. Huyo mwalimu ana nia njema, lakini amekosea, na mwambie nimesema mimi.

Unakumbuka nilipopiga mwezi uliopita? Mjukuu wangu alichukua simu, nikamwambia, "Hujambo, baba?" Nikamsikia anakuuliza kitu, ukacheka, akakurudishia simu. Wewe uliendelea kunieleza habari za baridi ya huko. Mimi baada ya hapo nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia, na sijui kama nimewahi kulia hivyo tangu msiba wa baba yako. Watu wazima wanatoka kazini na macho mekundu kwa moto wa kuchomelea, wanakuja kwangu kutafuta maneno ambayo damu yangu mwenyewe inakatazwa. Mkataa kwao ni mtumwa, mwanangu, na huyu hata hajakataa. Amekataliwa.

Unataka nije kulea mtoto ambaye umeninyima kusema naye. Hapo hujamwita bibi, umetafuta yaya, na hata yaya huachwa aimbe.

Usidhani sitamani. Natamani mpaka viganja vinawasha. Bado nakumbuka harufu ya utosi wako ulipozaliwa, na najua huyu wa pili atakuja duniani bila mikono yangu kumpokea. Uchungu huo ni wangu, nitaubeba.

Nilimuuliza mkuu wa idara kama naweza kusimama mwaka mmoja kisha nirudi. Alikataa. Nikitoka sasa nitapewa shahada ya kwanza, lakini masomo ya juu niliyokwisha kuyafanya yatafutwa, na mlango ukifungwa umefungwa. Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga. Na kama hakuna atakayeniajiri, nitapanga viti sebuleni kwangu na kufundisha hapo hapo. Sijasoma ili nimpendeze mwajiri.

Tiketi nimeirudisha kwa wakala, naye ameahidi kukurudishia chako. Mwombe mama mkwe wako aje. Ni mwanamke hodari, na mkeo atajifungua kwa utulivu zaidi akiwa na mama yake.

Mimi nitafanya hivi. Kila Jumamosi, kwenu kukiwa asubuhi, nitapiga simu ya video. Mpe mtoto simu, kisha toka chumbani. Usimtafsirie. Nitamwonyesha kijiko, nitamwonyesha kiatu, nitamwimbia, nitamkaripia akistahili. Asiponielewa Jumamosi hii, ipo nyingine. Na makosa yake sitayarukia, hilo nimeshafunzwa. Nimepokea watu wenye ndevu waliokuja na neno moja, mtoto wa miaka mitatu atanishindaje? Na huyo anayekuja, siku akizaliwa, mwekeeni simu sikioni hata kabla hamjamchagulia jina. Nina la kumwambia.

Mkinikatalia, nitakuja mwenyewe mwaka ujao, bila tiketi yenu, na vyeti vyangu viwili mkobani, nibishane na huyo mwalimu wa chekechea mlangoni kwake. Nitababaisha, lakini atanielewa.

Mtoto akinyea kiganja hakikatwi, kwa hiyo usiogope, sijakutupa. Nimekukasirikia tu, na hasira ya mama ni sehemu ya malezi.

Dada yako anakusalimu. Najua alikuahidi atanishawishi. Alikuja, akaketi saa nzima darasani kwangu, akaondoka bila kunishawishi. Shangazi yako naye anakusalimu, na amesisitiza nisiandike kwamba methali ilimrudia. Mjomba wako anauliza lini utamwandikia, maana anasema barua zako zote zinakuja kwangu kunipa amri. Nisalimie mkeo kwa namna ya pekee, umwambie sina neno naye, na miguu aiinue.

Mungu amfungulie njia nyepesi siku ya uzazi, awape watoto afya na usingizi, na awe nanyi katika baridi hiyo.

Wako akupendaye, asiyekuja,

Mama.